Nilifuata majani ya Colorado, nikamkuta kaka

MSOMAJI mpenzi, ukimwambia Mkenya kwamba vuli imeingia, atakimbia kuanua nguo kambani. Kwetu sisi vuli ni zile mvua fupi za kati ya Oktoba na Desemba, ni matope mitaani na foleni ya magari isiyokwisha katika kila barabara ya Nairobi. Lakini kamusi zetu zimelipa neno hilo kazi ya pili. Vuli pia ni yale majira ya nchi za baridi ambapo majani ya miti hugeuka rangi kisha yakapukutika. Vuli hiyo ya pili nilikuwa nikiijua kwa vitabu na kalenda za ukutani tu, mpaka mwishoni mwa Septemba 2023 nilipoiona kwa macho yangu mwenyewe katika milima ya jimbo la Colorado, Marekani.

Naam, niliiona, ingawa si kwa namna niliyokuwa nimepanga.

Kazi ilikuwa imenipeleka Marekani kwa wiki mbili. Mama yetu, ambaye anaishi Wundanyi katika milima ya Taita, aliposikia kwamba nitapitia Denver kumwona kaka yangu mkubwa, alinipa vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa sweta ya rangi ya kahawia aliyoifuma kwa mikono yake. Cha pili kilikuwa agizo.

"Niletee picha yake," aliniambia. "Sitaki tena zile za magari. Nataka picha ya mahali anapoishi, na yeye mwenyewe awe ndani yake."

Huenda nawe, msomaji, una ndugu majuu na unazijua picha hizo za magari. Kaka aliondoka mwaka wa 2009 akiwa kijana wa miaka 24. Tangu hapo tulikuwa tukipokea picha zake akiwa amevaa suti, ameegemea gari linalong'aa, nyuma yake jengo la vioo. Mama alizipanga zote katika albamu. Baba alipofariki mwaka wa 2016, kaka alituma pesa za mazishi lakini yeye mwenyewe hakuja. Kijijini watu hawakosi la kusema, na walisema.

Alinipokea uwanja wa ndege wa Denver kwa gari kuukuu ambalo mlango wa nyuma ulikuwa haufunguki. "Hili ndilo gari langu," akasema, huku akitazama pembeni. Mimi nikajifanya sikusikia.

Kazi ya usiku

Denver ni mji ulio mita 1,609 juu ya usawa wa bahari, na wenyeji wake wanajivunia sana urefu huo. Nilipomwambia kaka kwamba Nairobi iko juu zaidi, karibu mita 1,800, tulicheka kwa mara ya kwanza. Upande wa magharibi wa mji milima imesimama kama ukuta. Nikamwuliza ni mara ngapi amewahi kuivuka.

"Sijawahi," akajibu.

Nilidhani anatania. Miaka 14 ameiona milima hiyo kila siku na hajafika upande wa pili! Ndipo nikaanza kufahamu maisha yake. Kaka hufanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee, zamu ya usiku. Huwageuza vitandani, huwaosha, huwapa dawa. Mchana hulala, na siku za mapumziko hushika zamu za wenzake ili apate cha ziada. Kwa ajili yangu alikuwa ameomba siku nne.

Nilikuwa nimeazima kamera nzuri kwa mwenzangu kazini, pamoja na lenzi mbili na stendi ya miguu mitatu. Nilikuwa nimeandika mpango wa safari kwenye karatasi, saa kwa saa: tungeelekea kusini-magharibi hadi milima ya San Juan, mwendo wa karibu kilomita 460 kufika mji mdogo wa Ridgway. Ni kama kutoka Nairobi hadi Mombasa, tofauti ni kwamba njia yote ni ya kupanda na kushuka. Lakini mja hupanga, Mungu hupangua.

Siku ya kwanza tulipaswa kuondoka saa kumi na moja alfajiri. Mwenzake kaka hakufika kumpokea zamu, kwa hivyo alitoka kazini saa nne asubuhi, macho mekundu. Tulipofika Kenosha Pass, mahali ambapo barabara hufikia mita 3,048, jua lilikuwa la utosini. Magari yalikuwa yameegeshwa pande zote mbili kama kwenye harusi ya mtoto wa waziri. Kila mtu alikuwa amekuja kuangalia majani.

Na majani yenyewe! Hebu fikiria Nairobi mwezi wa Oktoba, jakaranda zinapochanua na kutandika zambarau barabarani. Sasa ondoa zambarau, weka rangi ya dhahabu, uitandaze juu ya mlima mzima, katikati ya misonobari iliyobaki kijani kibichi. Hiyo ndiyo miti iitwayo aspeni. Gome lake ni jeupe na jani lake ni la mviringo, kama sarafu. Kikonyo cha jani ni bapa, kwa hivyo upepo mdogo tu ukipita, majani yote hutetemeka na kunong'ona.

Lakini upepo wa siku hiyo haukuwa mdogo. Ulikuwa ukiyang'oa majani kwa mafungu, na juu ya kilima miti ilikuwa imebaki vijiti. Kila picha niliyopiga ilitoka nyeupe kwa ukali wa jua, au yenye ukungu kwa sababu jani halikutulia. Nilipiga picha zaidi ya 60. Hakuna hata moja iliyofaa.

Chini ya kivuli cha njano

Jioni tulianza kuupanda mlima wa Monarch, ambako barabara hupita mita 3,448 juu ya usawa wa bahari. Tulipokuwa karibu robo tatu ya njia, mshale wa joto ulipanda, na mvuke ukaanza kutoka chini ya boneti. Paipu ya rejeta ilikuwa imepasuka. Kaka alisogeza gari kando ya barabara, akazima injini, akaweka kichwa juu ya usukani.

Hapakuwa na la kufanya ila kungoja lipoe. Tukatembea hadi kwenye kichaka cha aspeni kilichokuwa karibu, tukaketi juu ya majani yaliyokwisha kuanguka.

Hapa niruhusu, msomaji, nikueleze jambo nililolisoma kabla ya safari, kwa maana ndilo lililoanzisha mazungumzo yetu. Wengi hudhani kwamba baridi ndiyo inayolipaka jani rangi ya njano. Sivyo. Ile njano imo ndani ya jani tangu mwanzo, ila imefunikwa na kijani, ile klorofili ambayo mti huitumia kujitengenezea chakula kwa nguvu za jua. Siku zinapokuwa fupi mti huacha kutengeneza kijani, nacho kikiisha, njano huonekana. Rangi nyekundu ni habari nyingine. Hiyo jani huitengeneza upya wakati wa vuli.

Tena, kichaka cha aspeni aghalabu si miti mingi bali ni mti mmoja. Machipukizi huota kutoka mizizi ile ile, kila moja likawa shina. Katika jimbo jirani la Utah kuna kimoja kinachoitwa Pando, chenye mashina yapatayo 47,000 katika hekta 43, na wote ni mmea mmoja.

Nilimweleza kaka hayo yote, mwalimu asiyeombwa. Alinyamaza kwa muda, akiwa ameshika jani. Kisha akasema, "Karatasi zangu zilikamilika mwaka wa 2019."

Sikuelewa mara moja. Nyumbani tulikuwa tukiambiana kwamba kaka haji kwa sababu ya karatasi, kwamba akitoka Marekani hatakubaliwa kurudi. Mama alikuwa akiwaambia hivyo wanawake wenzake wa kanisa.

"Sasa mbona hukuja?"

"Nije na nini mkononi?" akauliza. "Watu wanajua nina yale magari. Unataka nishuke Voi na begi moja, nipande matatu kwenda Wundanyi kama nilivyoondoka? Na kaburi la baba nililikose, halafu nije mikono mitupu?"

Kusema kweli sikuwa na jibu. Nilitaka kumkasirikia kwa ajili ya Mama. Lakini nilimtazama akiwa amekaa pale na viatu vyake vya kazi, vile vyeupe vya hospitali, nikashindwa. Jua lilikuwa linazama na mwanga wake ukipenya majani kutoka nyuma, hata kila jani likawa kama limewashwa ndani. Ndio mwanga ambao wapiga picha huutafuta. Kamera ilikuwa garini, nami sikuifuata.

Injini ilipopoa tuliteremka polepole hadi mji wa Salida, tukalala.

Barabara isiyo na kingo

Siku ya pili sina cha kukusimulia zaidi ya kibanda cha fundi. Paipu ilibidi iletwe kutoka mji mwingine, na gari likawa tayari saa kumi na moja jioni. Tulivuka mlima wa Monarch jua likielekea kuzama, tukapita Gunnison na Montrose gizani, tukaingia Ridgway usiku. Mandhari yote ya siku hiyo, ambayo katika karatasi yangu ilikuwa na nyota tatu, nimeiona kwenye ramani tu.

Siku ya tatu tulielekea Ouray, mji ulio ndani ya bonde jembamba, ukuta wa mawe kila upande. Jina lake ni la chifu wa Waute, watu waliokuwa wenyeji wa milima hiyo kabla ya wazungu kuingia wakitafuta dhahabu na fedha. Kwa mkataba wa mwaka wa 1873 Waute waliachishwa milima ya San Juan. Chifu Ouray alifariki mwaka wa 1880, na mwaka uliofuata watu wake walihamishwa kwenda Utah. Mji ukabaki na jina, wenye jina wakaondolewa. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezewa zaidi hadithi ya namna hiyo.

Kutoka Ouray hadi Silverton ni karibu kilomita 40, nayo barabara hiyo inaitwa ya dola milioni moja. Kuhusu asili ya jina wenyeji wana hadithi kadhaa, ila msingi wake ni njia ya malipo iliyochongwa mlimani katika miaka ya 1880 na mjenzi aliyeitwa Otto Mears. Ukielekea kusini, gari lako liko upande wa korongo. Sehemu nyingi hakuna vyuma vya kuzuia gari lisitumbukie. Hueleza kwamba vyuma vingezuia yale matingatinga ya kusukuma theluji bondeni wakati wa baridi.

Nami nikawa upande wa abiria, korongo likiwa chini ya kiwiko changu. Nikafumba macho. Kaka akaanza kupiga mluzi.

"Umesahau mimi nilijifunza wapi kuendesha?" akasema. Ni kweli. Kabla ya kuondoka alikuwa akiendesha matatu kati ya Mwatate na Wundanyi, na anayezijua kona za barabara ile anajua kwamba dereva wake hatishwi na korongo. Vuria, kilele kirefu kuliko vyote vya Taita, kina mita 2,208. Pale Red Mountain Pass tulikuwa mita 3,358, lakini mkono uliokuwa kwenye usukani ulikuwa ule ule wa Mwatate. Sikuwa nimemwona akipiga mluzi tangu nikiwa msichana wa shule.

Huko juu theluji ilianza kuanguka. Si theluji nzito, lakini wingu lilishuka likafunika kila kitu. Milima myekundu niliyoifuata kutoka Nairobi ilikuwa ndani ya blanketi. Silverton nilimaliza betri ya akiba kwa kupiga picha za garimoshi, reli iliyofika mjini humo mwaka wa 1882. Nafasi kati ya pau zake ni milimita 914, nyembamba hata kuliko reli yetu ya zamani ya mita moja. Tuligeuka tukarudi Ridgway bila picha hata moja ya mlima.

Picha tatu

Ilibaki asubuhi moja tu. Jioni ya siku hiyo kaka alihitajika kazini. Saa kumi na moja na nusu alfajiri tulikuwa Dallas Divide, mahali ambapo barabara hupanda magharibi ya Ridgway na kukuonyesha safu yote ya mlima Sneffels, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,300. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Kaka alivua koti lake akanipa, kwa kuwa langu lilikuwa la Nairobi. Yeye akafungua mkoba, akatoa sweta ya Mama, akaivaa.

Mikono ilimfika chini kidogo ya viwiko. Mama alikuwa amefuma kwa vipimo vya kijana wa miaka 24.

Kulipopambazuka wingu lilianza kupasuka. Kwanza kilele kimoja, kisha cha pili, theluji mpya ikiwa juu yao na jua likiipaka rangi ya waridi. Chini, bonde zima la aspeni lilikuwa la dhahabu, na vichaka vya mialoni vikiwa vyekundu kama kutu. Upepo haukuwapo. Nikaweka kamera kwenye stendi, nikabonyeza.

Ikazima.

Nilikuwa nimeiacha garini usiku kucha, na baridi ilikuwa imeiua betri. Simu nilikuwa nayo, lakini kwenye simu mlima ule ulionekana kama kichuguu cha mchwa. Siku nne, kilomita mamia, na mlima umejifunua mbele yangu! Nilikaribia kulia.

"Lete hiyo betri," kaka akasema. Akaitia ndani ya sweta, chini ya kwapa, akakunja mkono. "Wazee wangu wakipata baridi ya vidole ndivyo ninavyowafanyia. Hushika mikono yao hapa mpaka damu irudi."

Tukasimama hivyo kama robo saa, yeye akiwa na betri kwapani, mimi nikitazama saa na mawingu. Niliporudisha betri kwenye kamera, taa iliwaka. Nikapiga picha moja ya mlima. Nikapiga ya pili. Kisha nikageuka nikamwona kaka ameegemea gari lake kuukuu, mikono imekunjwa kwa baridi, sweta imembana, milima nyuma yake, naye anatazama Sneffels kama mtu aliyeonyeshwa nyumba ambayo amekuwa akiilipia kodi miaka yote bila kuingia. Nikapiga ya tatu. Kamera ikazima kabisa.

Ukijaaliwa kwenda

Msomaji, ikiwa utajaaliwa kufika huko, majani ya San Juan kwa kawaida hufikia kilele cha uzuri wake wiki ya mwisho ya Septemba hadi siku za mwanzo za Oktoba, ingawa kila mwaka una yake. Mchana wa jua kali pumzika; toka alfajiri na jioni. Simama mahali ambapo jua liko nyuma ya majani, lakini lisiingie kwenye lenzi. Betri ya kamera lala nayo kitandani. Kabla hujaondoka, kagua rejeta.

Na ikiwa hutafika, usisikitike. Oktoba hii mchukue mdogo wako na simu yoyote mliyo nayo, mtembee chini ya jakaranda asubuhi kabla magari hayajakanyaga maua. Sheria za mwanga ni zile zile.

Nilirudi nyumbani Oktoba. Picha ya tatu niliichapisha kwa karatasi kubwa nikaipeleka Wundanyi. Mama alivaa miwani, akaipeleka dirishani. Milima hakuitazama. Aspeni hakuuliza ni miti gani. Gari pia aliliruka, ingawa lilikuwa pale, mlango mbovu na yote. Alipitisha kidole taratibu juu ya mkono wa sweta mpaka pale ulipoishia.

Nilimweleza kila kitu: kazi ya usiku, karatasi za 2019, na lile swali la kuja na nini mkononi. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilingoja akasirike.

"Amekuwa mtu mzima," akasema mwishowe. "Nilifuma kwa kukisia." Akaiweka picha mezani, akaanza kutafuta sindano zake kwenye kikapu. "Mwambie sikisii tena. Aje nimpime."